Kona ya Dada: Baba hataki niwe fundi gereji

 

Wiki hii nimeziweka kando barua za wachumba na za mawifi, najua mtaninung'unikia, ili nimjibu binti mmoja wa mwaka wa nne anayesomea uhandisi wa umeme. Barua yake ina kurasa tatu na mwandiko wa mtu aliyeandika usiku. Anasema darasani wenzake wanaitazama TANESCO, migodi na kampuni za simu. Yeye anataka magari. Alipolitamka hilo nyumbani, baba yake, aliyeuza ng'ombe ili kumlipia ada kabla mkopo haujatoka, aliweka kijiko chini akasema: "Sikukusomesha ukawe fundi gereji." Tangu siku hiyo mada imefungwa. Mwishoni kabisa, kama jambo la kupita tu, ameandika kwamba gari la mzee, Noah, linawaka kwa shida asubuhi, betri mbili zimeshanunuliwa mwaka huu, na yeye anaona aibu: miaka minne ya umeme na hajui aanzie wapi.

Nilicheka, lakini si kwa kumcheka yeye. Wengi wenu mnanijua kwa ushauri wa mapenzi. Usiku ndimi dada yenu. Mchana mimi ni mhandisi wa umeme wa magari, na nilianzia kwenye kiwanda cha kuunganisha malori. Kwa hiyo leo nisikilizeni nikiwa na ovaroli.

Mdogo wangu, nianze na kisa kabla sijaja kwa baba.

Mwezi wangu wa pili kazini, lori jipya lilifika mwisho wa laini likakataa kuwaka. Stata ilizunguka kivivu, kama mtoto aliyeamshwa alfajiri akateke maji, halafu ikanyamaza. Nikachomeka laptopu. Skrini ikajaa namba za hitilafu: sensa hii, sensa ile, breki, dashibodi, kila idara inalalamika. Sitaki kuficha, nilifurahi. Niliona hii sasa ndiyo kazi niliyoisomea. Nikatandaza michoro, nikaanza kufuata sensa moja baada ya nyingine. Saa nne zikapita. Katikati ya mahangaiko hayo niliupima hata waya wa athi, ule mnene unaotoka nguzo hasi ya betri kwenda kwenye chesisi. Mita ikaniambia omu 0.3. Nikagusanisha ncha za mita zenyewe: omu 0.3. Nikajiambia waya huu mzima, nikarudi kwenye sensa zangu.

Akaja fundi mmoja mtu mzima ambaye alikuwa amekaa pembeni akinitazama, nadhani kwa huruma. Akamwambia kijana apige stata kwa sekunde tano. Kisha akaweka kiganja juu ya bolti ya athi. "Shika hapa, mwanangu." Nikashika, nikautoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto. Akaifungua, na chini ya kichwa cha waya kulikuwa na rangi. Chesisi ilikuwa imepakwa vizuri, inang'aa, na aliyefunga waya aliufunga juu ya rangi hiyo. Umeme wote wa lori ulikuwa unajipenyeza kwenye nyuzi za bolti.

Hesabu yake ni ya sekondari. Stata ya lori huvuta mamia ya ampea. Chukua ampea 300, weka ukinzani wa omu 0.01 tu, na volti 3 zimeishia pale pale kwenye bolti, katika mfumo wa volti 24. Joto lake ni wati 900, yaani karibu sawa na pasi ya kunyooshea nguo. Na mita yangu, ambayo nyaya zake zenyewe zina omu 0.3, ingeionaje omu 0.01? Nilikuwa napima punje ya karafuu kwa mizani ya magunia. Zile namba zote za hitilafu nazo zilikuwa na sababu moja: vifaa vyote vinarudisha umeme kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo stata ilipozunguka kila kimoja kiliona volti zake zinayumba, kikapiga kelele kivyake. Dawa ni kupima volti wakati mkondo unapita. Ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye chuma kisicho na rangi upande wa pili, mtu apige stata, wewe usome. Hapo bolti mbovu haina pa kujificha.

Fundi akakwangua rangi, akafunga, lori likawaka, akaenda kunywa chai. Alitumia dakika ishirini. Sasa hapa ndipo pa kumwambia baba.

Lori lile lilikuwa moja katika kundi la malori thelathini. Yeye alimaliza kazi yake. Yangu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mengine mangapi yamefungwa juu ya rangi? Nani anapaka rangi, nani anafunga waya, na yupi kati yao aliambiwa kwamba sehemu ile iachwe chuma kitupu? Kwenye karatasi ya maelekezo ya kazi hakuna aliyeandika. Ikabidi iandikwe: sehemu ya athi ifunikwe kabla ya kupaka rangi, washa ya meno iwekwe, bolti ikazwe kwa spana yenye kipimo, na mwisho wa laini kila lori lipimwe volti zinazopotea wakati wa kuwasha. Wiki mbili za kubishana na watu wa rangi, watu wa ubora na mtu wa stoo aliyesema washa za meno hazimo kwenye bajeti. Fundi alilitibu lori lililokuwa mbele yake, na kwa hilo alinizidi mbali. Mimi nilikuwa nalipwa kwa ajili ya malori ambayo hayajafika.

Hiyo ndiyo tofauti, mdogo wangu, na haihusu nani ana mikono misafi. Mhandisi anayeogopa kuingia chini ya gari atabaki kufuata sensa zinazolalamika. Baba anadhani kuna ngazi, fundi yuko chini na wewe unatakiwa juu. Mimi naona ni watu wawili wanaoshika gari moja kwa ncha mbili tofauti, na miaka yako miwili ya kwanza unatakiwa kukaa upande wa fundi, ushike unachoambiwa ushike. Ukimwita "mzee" au "kaka" na kumletea chai, atakufundisha ambayo hayamo katika kitabu chochote. Ukimwita "wewe fundi", atakuacha uhangaike na laptopu yako saa nne.

Kama mzee bado anaamini kwamba umeme wa magari si wa wasomi, msimulie habari za Charles Kettering. Alihitimu uhandisi wa umeme mwaka 1904 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya magari hata kidogo: aliajiriwa Dayton na NCR, kampuni ya mashine za kuhifadhia fedha madukani, akazitia mota ndogo ya umeme ili muuzaji asizungushe mkono. Siku hizo gari liliwashwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja watu mikono. Wengi walisema mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa kupita kiasi. Kettering alikuwa ameshajifunza kwenye mashine ya dukani kwamba mota inayofanya kazi kwa sekunde chache inaweza kubebeshwa mzigo ambao ungeiunguza ikizunguka kutwa. Cadillac za mwaka 1912 zikatoka na stata ya umeme. Ndiyo maana mpaka leo fundi anakufokea ukiing'ang'ania stata: kifaa kile kiliumbwa kwa pumzi fupi.

Sasa wewe mwenyewe, si baba. Kuna jambo moja la kujiandaa nalo, maana uliyosomea ni umeme wa gridi, transfoma na mkondo geu wa awamu tatu, na kwenye gari kuna mambo yamepinduliwa.

Gari la kawaida linatumia bati lake kama waya. Nguzo hasi imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo taa ya nyuma inahitaji waya mmoja wa kuendea na umeme unarudi kupitia chuma. Ndiyo maana athi mbovu inaleta vituko: unawasha indiketa, taa ya breki inakonyeza. Halafu inakuja haibridi au gari la umeme. Lina mfumo huo huo wa volti 12, na pembeni yake lina mwingine usioigusa bodi popote. Prius ya kizazi cha pili ina betri ya volti 201.6, moduli 28 za volti 7.2 kila moja. Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza, hizi zinazopita mtaani kimya kimya, ina moduli 20, volti 144. Magari mengi ya umeme mtupu yako karibu na volti 400, mengine 800. Hapo chanya na hasi zote mbili zimetengwa na bati. Ukigusa waya mmoja kwa bahati mbaya, umeme haupati njia ya kurudi kupitia wewe. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa kuhusu usalama wa magari ya umeme inataka utengano usiopungua omu 100 kwa kila volti ya mkondo mnyoofu, yaani gari la volti 400 liwe na angalau omu 40,000 kati ya betri kubwa na bodi. Magari mengi yana kompyuta inayolichunga hilo muda wote. Kwa hiyo gari likipita kwenye maji ya masika pale Jangwani, Dar es Salaam, na unyevu ukaingia kwenye konekta moja, linaweza kugoma kuwaka wakati mota nzima, betri nzima, inveta nzima. Mwenye gari atakuambia limeharibika. Wewe utajua limekataa kumuua mtu.

Na hapa sicheki. Waya wenye rangi ya chungwa ni mpaka. Huugusi kabla ya kufundishwa na mtu aliyeidhinishwa, huugusi peke yako, na huugusi kwa sababu bosi ana haraka. Anayejua kazi huvaa glavu za mpira za volti 1,000 baada ya kuzijaza hewa kuona kama zimetoboka, akachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kuitia mfukoni mwake, asije mwingine akairudisha, akasubiri angalau dakika 10 ili kapasita za inveta zimwage umeme wake, kisha akapima ndipo akagusa. Nimewaona vijana wakifungua betri za haibridi kibarazani wakiwa na kandambili. Mungu anawapenda, lakini usimjaribu.

Nikiwa hapo hapo kwenye haibridi, kitu kidogo cha kukupa heshima mapema: betri ya Prius inapozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na tundu la hewa liko pembeni mwa kiti cha nyuma. Vumbi letu, manyoya ya viti na mifuko ya sokoni inayorundikwa pale huliziba. Betri inachemka, taa inawaka, mteja anaambiwa anunue betri nyingine. Safisha feni kwanza. Joto ni adui wa betri zote: Nissan Leaf iliyotoka mwishoni mwa 2010 haikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji, na ilipofika 2012 wenye magari hayo huko Arizona, jimbo la jangwa Marekani, walikuwa wanalalamika kwamba umbali wa kusafiri unapungua upesi kuliko walivyotarajia. Anayewaza kuleta gari la umeme lililotumika kutoka Japani hadi Dar es Salaam anahitaji mtu wa kumweleza hayo kabla hajalipa. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Kazi zenyewe ziko wapi? Tusidanganyane. Kwetu Afrika Mashariki huendi kukaa mezani ukachora gari zima likauzwa kwa maelfu. Utaunganisha, utabadili, utapima, utatafuta hitilafu, na ukiwa na bahati utabuni sehemu ndogo itakayofanya kazi. Kenya ndiyo iliyotangulia kwa viwanda vya kuunganisha: AVA Mombasa, Isuzu East Africa Nairobi, KVM Thika. Mabasi ya umeme ya BasiGo yanaunganishwa nchini humo, na Roam, ambayo awali iliitwa Opibus, ilianza kwa kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kuweka mota kabla ya kuhamia pikipiki na mabasi. Uganda wana Kiira Motors, na hii mwambie baba taratibu: mbegu yake ilipandwa chuoni Makerere, wanafunzi na walimu wao wakatengeneza gari dogo la umeme la watu wawili, likaonyeshwa 2011, mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Kigali bodaboda za Ampersand hazisubiri chaji, zinabadilishana betri kituoni na kuondoka, na betri moja inayopita mikononi mwa madereva wengi inataka mhandisi wa kujua afya yake kuliko anavyoijua mwenye pikipiki.

Hapa nyumbani Tanzania wengi wanaisahau Nyumbu, kule Kibaha, shirika la teknolojia ya magari lililo chini ya jeshi. Wengine hawaoni kwamba kampuni za mabasi, malori ya masafa marefu na mwendokasi zina karakana zenye kazi ya umeme kila siku. Na kuna gesi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina karakana ya kuwekea magari mfumo wa gesi asilia, na watu wengi wakisikia hivyo wanawaza mtungi. Kazi ngumu haiko kwenye mtungi. Iko kwenye kompyuta ya pili inayozikatiza ishara za injekta za petroli, inazipigia hesabu upya, inafungua injekta za gesi, na wakati huo huo inaidanganya kompyuta ya kwanza kwamba injekta zake bado zipo kazini. Umesoma mifumo ya udhibiti? Hii hapa, kwenye teksi. Magari mengi ya gesi niliyoletewa yakiwa yanakatakata mwendo yalikuwa na waya uliosokotwa kwa vidole na kuvishwa utepe mweusi badala ya kuunganishwa kwa kubanwa au kuchomelewa risasi. Sihitaji kukuambia nani angegundua haraka zaidi, wewe au yule mzee wa kiganja.

Mshahara wa mwanzo? Usiulinganishe na wa migodini, utaumia bure.

Ulichoniuliza kuhusu "nijifunze nini kabla ya kuhitimu", nitakujibu kwa swali. Mara chache nimekaa upande wa wanaohoji. Huwa nauliza kuhusu CAN, ule mtandao ambao kompyuta za gari zinazungumzia, uliobuniwa na Bosch ya Ujerumani kuanzia 1983 na kutangazwa Detroit mwaka 1986. Nyaya mbili zilizosokotwa, na kila mwisho kuna kizuizi cha omu 120. Nasema: gari limezimwa, betri imefunguliwa, umeweka mita kati ya pini ya 6 na ya 14 za soketi ya uchunguzi ya OBD, unatarajia kusoma nini? Wengi hunitajia historia nzima ya CAN bila kufikia namba. Siku moja kijana mmoja aliomba kalamu, akachora mistari miwili na vizuizi viwili, akasema omu 60, kwa sababu viko sambamba. Nikamuuliza, na ukisoma 120? "Kuna mwisho mmoja umekatika, naenda kuutafuta." Sikuwa na swali la tatu. Hakuwa na alama kubwa kuliko wenzake.

Hayo unaweza kujifunzia hosteli. Nunua bodi mbili za Arduino na vijimoduli viwili vya CAN aina ya MCP2515, vinapatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki, weka vizuizi vyako viwili mezani, bodi moja iseme na nyingine isikie. Kisha chomoa kizuizi kimoja uone kama mazungumzo yanaharibika. Jifunze lugha ya C vizuri kuliko kujifunza lugha tano nusu nusu. Jifunze kusoma mchoro wa umeme wa gari kutoka fyuzi hadi athi bila kuruka. Na ukishapata kifaa cha kusomea gari halisi, sikiliza tu. Usitume ujumbe wako kwenye mtandao wa gari la mtu, na hasa usitume likiwa linatembea. Breki nazo zinaongea humo.

Ukienda mafunzo ya vitendo, usikubali kufichwa ofisini kupanga mafaili kwa sababu wewe ni msichana. Omba laini. Omba sehemu ya hanesi, ule mshipi mzima wa nyaya unaotambaa gari zima. Watu wanaidharau, lakini bado hufungwa kwa mikono, na vita vilipoanza Ukraine mapema 2022 na viwanda vya hanesi vya huko kusimama, Volkswagen na BMW zilisimamisha baadhi ya laini zao Ujerumani. Mabilioni ya uwekezaji yalikaa yakisubiri nyaya.

Na kwa kuwa wewe ni msichana: funga nywele, vua bangili, vua pete, hata ya uchumba. Pete ikikutana na spana kwenye nguzo chanya na chuma upande wa pili, volti 12 hazitakurusha, ila mkondo utaifanya pete iwe nyekundu ikiwa kidoleni. Mwenye pete yake akinuna kwa kuivua, hiyo ni barua ya wiki nyingine. Wapo watakaokuita mrembo mbele ya wateja na kumpa mwenzako wa kiume mita. Mita ichukue mkononi mwake kwa adabu, upime, useme namba. Anayevuka hapo, akaanza mikono au maneno ya zamu ya usiku, andika tarehe na saa, mweleze msimamizi kwa maandishi, na usikae naye peke yako. Kazi zipo nyingine.

Jambo la karatasi, fupi. Ukihitimu, jisajili na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, uulizie ule mpango wao wa miaka mitatu wa kunolewa kazini, SEAP, ambao ulianza 2003. Kabla ya kusaini mkataba na gereji au kiwanda, uliza kama kuna mhandisi aliyesajiliwa atakayekusimamia na kutia saini kitabu chako cha kazi. Nimewaona wenzangu waliofanya kazi nzuri miaka mitano na siku ya kuomba usajili hawana wa kuwathibitishia. Ilibidi warudi nyuma.

Kuhusu nje: siku yako ya kuondoka ikifika, nenda ukiwa umeshika spana, maana shahada ya pili itakuingia vizuri zaidi. Wajapani wana mpango wa ABE kwa vijana wa Afrika, shahada ya uzamili pamoja na mafunzo kwenye kampuni zao. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini watu hukimbilia Stuttgart kwa sababu ya Bosch, Mercedes na Porsche bila kujua kwamba jimbo lile, Baden-Württemberg, tangu 2017 linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Uliza chuo kwa chuo. Na anza Kijerumani leo; pale kwenye karakana mafundi hawatabadili lugha kwa ajili yako.

Sasa turudi kwenye ile Noah, maana ndiyo sehemu ya barua yako niliyoipenda kuliko zote.

Jumamosi asubuhi, kabla gari halijawashwa, pima betri. Ikiwa imepumzika usiku kucha na ina volti 12.5 au 12.6, betri ina chaji ya kutosha, na mzee asikimbilie kununua ya tatu. Halafu weka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kibanio chake, kwenye risasi ya nguzo. Ncha nyekundu iweke kwenye chuma kitupu cha injini, kwangua kidogo ukiona kutu. Nguo na nywele zikae mbali na feni na mikanda, gia iwe kwenye P. Mwombe baba, kwa heshima zote, akae kwenye usukani na apige stata, wewe usome mita wakati inazunguka. Ikiwa chini ya volti 0.3, athi ni nzima, hamia upande wa chanya ufanye vivyo hivyo, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye bolti kubwa ya stata. Ikiwa volti nzima au zaidi, usiseme kitu. Mwite mzee ashuke, mwoneshe mita, mwambie arudie, asome mwenyewe.

Kisha niandikie mmepata ngapi.